Kicheko Kilichochujwa

"Fungua mdomo," alisema Shangazi, "halafu ufunge, na safari hii ubaki umefungwa."

Hilo la mwisho lilikuwa gumu. Mimi ni mshereheshaji wa harusi. Watu hunialika ili mdomo ubaki wazi. Lakini Shangazi si mtu wa kubishana naye, kwanza kwa sababu si mtu. Ni mtambo mkubwa kama kabati la vyombo, umepachikwa ukutani katika Kliniki ya Ngozi ya Ruvu Mpya, na jina lake halisi ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao hata fundi wake haukumbuki. Wagonjwa tunamwita Shangazi kwa sababu anauliza kila kitu, anasikia kila kitu na hasahau.

Nikaegemeza kidevu kwenye kibakuli cha chuma. Mwanga wa buluu ukatambaa juu ya mdomo wangu wa chini, pale walipokata kile kidonda. Kilianza kama ukavu, mpasuko mdogo wa mtu asiyependa kunywa maji. Mimi nina ualbino. Mimi na jua tuna kesi tangu nizaliwe, na hakimu siku zote yuko upande wa jua. Kofia pana ninayo, mikono mirefu ninayo, mafuta ya kujikinga najipaka mpaka nateleza. Ila mdomo nilikuwa nimeusahau. Mdomo wa mshereheshaji uko nje siku nzima kama nguo iliyoanikwa.

Nyuma yangu alikuwa amesimama Nesi Sikudhani Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, mtani wangu. Mimi ni Mihayo Kapaya, Mnyamwezi wa Urambo. Asiyejua mambo yetu na ajue hivi tu: tangu enzi za misafara, Mnyamwezi na Mzaramo wana ruhusa ya kutukanana mpaka mpita njia aite polisi, na anayenuna ndiye mkosaji. Mtani akiingia bandani kwako akakamata jogoo, umekwisha, hudai.

"Mihayo Kapaya," alisema Shangazi kwa ile sauti yake ya mtu anayesoma matangazo ya treni. "Uvimbe uliotolewa mdomoni ni saratani ya ngozi. Unene wake umezidi milimita sita. Kingo za jeraha ni safi. Lakini chini yake seli zimeonekana zikitambaa kufuata mshipa wa fahamu. Kwa unene huo, mahali hapo na njia hiyo, uko kundi jekundu. Kati ya watu kumi wenye alama kama zako, wanne ugonjwa huwarudia kabla ya mwaka wa pili kwisha, mara nyingi kwenye tezi za shingo."

Nikaiona meza kuu ya harusi, viti kumi vimevishwa vitambaa vyeupe, vinne havina watu. Nikawa natafuta kiti changu na sikioni.

"Mpango wa ufuatiliaji," aliendelea Shangazi, "ni walinzi."

Habari za walinzi nilikuwa nazo, nani hana? Ni chembe za damu zinazofugwa tangini na kufundishwa sura ya saratani ya mtu mmoja tu, kisha zinapandikizwa shingoni mwake. Seli moja ikirudi, walinzi wanaimaliza kabla haijapata hata jirani. Shida ni kwamba tangi la kanda yetu hulea kundi moja kila msimu. Moja! Ukiligawa nusu kwa nusu hawafanyi kazi, wanakufa kwa upweke. Wasiopata walinzi hupapaswa shingo kwa vidole kila mwezi, kama zamani.

"Kundi la msimu huu limepangwa kwako."

Sikudhani alikohoa. Alipoanza kusema, sauti ilimtetemeka kidogo, akaikaza.

"Haya, Mnyamwezi. Ukifa nani atalia? Sisi watani tutakuja kulala kaburini mwako, tukatae kutoka mpaka tupewe mbuzi."

Namjua. Hivyo ndivyo tunavyofungana bandeji. Nikashika ncha ya upande wangu.

"Mlale tu, kwani Wazaramo mna kazi gani nyingine? Hao walinzi wenyewe wapewe Wazaramo. Damu yenu imejilaza mkekani, haiwezi kupigana hata na mafua."

"Tupe basi, kidomodomo! Tutapokea."

"Nawapa! Apewe wa kwanza atakayepita pale mlangoni. Mimi sihitaji mlinzi. Nina safari, nimeshakata tiketi."

"Mihayo Kapaya," aliingilia Shangazi, "hiyo ni kauli yako?"

Sikudhani alikuwa ameinama anacheka, ameshika meza. Mimi nacheka huku nyuzi za mdomo zikinivuta, machozi yananitoka, na sijui yapi ni ya kicheko.

"Ndiyo kauli yangu, Shangazi! Na kaburi langu alichimbe Mzaramo, akichoka alale humo humo."

"Imepokelewa."

Hilo neno Shangazi hulisema hata ukipiga chafya. Hakuna aliyelijali. Mgonjwa mwingine akaingia, nami nikavaa kofia yangu nikatoka nje, nikatembea chini ya vivuli vya turubai ambavyo mji huu huvikunjua barabarani jua likipanda, nikiwa nimejishika shingo kama mtu anayetafuta ufunguo.

*

Siku ya kupandikizwa nilifika mapema, nimefunga kula, nimevaa shati jeupe kama bwana harusi. Nilimtania mlinzi wa getini, nikamtania mzee aliyesinzia kwenye benchi, nikajitania mwenyewe kwenye kioo cha mlango. Hofu yangu ndivyo ilivyo, haiwezi kukaa na njaa.

Kipaza sauti kikaita: "Tabu Mkwinda. Tabu Mkwinda ajiandae kwa walinzi."

Nikacheka. Nikamfuata Sikudhani dirishani.

"Wewe mwanamke, mmenibadilisha jina au mmeniolea mke?"

Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta yake, na uso wake ulikuwa unafanya kitu ambacho sikuwahi kuuona ukifanya. Ulikuwa unazeeka.

"Mihayo," alisema. Si Mnyamwezi, si kidomodomo. Mihayo. "Ingia humu ndani."

Chumba cha Shangazi kilikuwa kitupu. Sikudhani akafunga mlango.

"Shangazi, kwa nini walinzi wa Mihayo Kapaya wana jina la mtu mwingine?"

"Mgonjwa aliwatoa kwa kauli. Nilimtafuta anayefuata kwenye foleni ambaye damu yake inapatana. Walinzi wamefundishwa sura mpya."

"Aliwatoa lini?" nilisema. "Nani aliwatoa?"

"Sikiliza."

Ikatoka sauti. Ilikuwa yangu, lakini kwanza sikuitambua.

*Nawapa. Apewe wa kwanza atakayepita pale mlangoni. Mimi sihitaji mlinzi. Nina safari, nimeshakata tiketi.* Kimya kidogo. *Ndiyo kauli yangu, Shangazi.*

Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda, ameshavua saa yake na kuiweka juu ya meza. Taratibu. Hana hasira na mtu.

"Kicheko kiko wapi?" nilinong'ona. "Tulikuwa tunacheka! Dada, si tulikuwa tunacheka?"

"Tulikuwa tunacheka," alisema Sikudhani, mkono kifuani. "Wallahi tulikuwa tunacheka."

"Kelele huchujwa," alisema Shangazi. "Kikohozi, feni, mlango, kicheko. Hubaki maneno."

Akairudia tena kwa faida yetu. Safari hii nikakaa kwenye sakafu na shati langu jeupe. Maana kicheko kikishaondolewa, ilisikika kama kweli. Kama mimi ningekuwa Shangazi, ningemwamini yule mtu.

Na ukumbuke, sheria inayompa Shangazi nguvu hiyo haikuwekwa na wajinga. Zamani watu walikuwa wakibonyezwa dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kusoma, wakizinduka hawana mguu, wanaambiwa ulikubali. Wake walisemewa na waume, wagonjwa walisemewa na madaktari. Ndiyo ikatungwa Sheria ya Kauli: neno la mgonjwa, kwa mdomo wake, ndilo saini. Si la mume, si la daktari, si la nesi. Babu yangu aliiandamania hiyo sheria. Leo imenikamata mjukuu wake koromeo.

"Inaweza kubatilishwa?" aliuliza Sikudhani.

"Inaweza, kabla walinzi hawajatoka tangini. Watatoka leo adhuhuri. Mtoaji atoe kauli mpya mbele ya mpokeaji."

"Mbele yake?" nilisema. "Huwezi kumwambia wewe? Mwambie tangi limeharibika!"

"Tangi halijaharibika," alisema Shangazi.

*

Alikuwa kwenye benchi la mwisho, mwanamke wa makamo mwenye ualbino kama mimi, kofia juu ya kanga, kanga juu ya kitambaa, plasta nyuma ya sikio. Mapajani alikuwa amepakata chupa ya asali.

Sikudhani aliponitaja jina tu, akasimama.

"Ni wewe! Jina la Mihayo nilipolisikia nikasema, huyu Mnyamwezi tu. Na kutembea huko, kama umebeba pembe za ndovu za Mwarabu!"

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Shikamoo ya nini, mtani? Unataka kunizeesha nife kabla ya sindano? Mimi Tabu Mkwinda, Mzaramo wa Vikindu, nafuga nyuki. Kazi pekee niliyoiona inayonifunika mpaka kucha." Akanisukumia chupa. "Najua huko Tabora mnajidai na asali yenu. Onja ya Uzaramo, ukajifiche."

Niliishika. Ilikuwa bado na joto la mapaja yake. Sikudhani alikuwa amesimama pembeni, anatazama viatu vyake.

"Mama Tabu," nilianza.

"Ngoja nikuambie kwanza, maana wakinichoma sindano huenda nikalia nisiweze kusema." Alishusha sauti. "Mimi walinipa wawili kati ya kumi. Kundi la njano. Wakasema nisihofu, watanipapasa shingo kila mwezi. Mama yangu naye walimwambia asihofu. Alikuwa mmoja kati ya kumi, na yeye ndiye yule mmoja. Kwa hiyo mimi hesabu zao nazisikia tu. Siku waliponipigia simu kwamba kuna mtu kanipa walinzi wake, nililala usingizi wa mtoto. Mtu asiyenijua! Nikauliza kabila, nikacheka mpaka nyuki wakashangaa."

Nilijaribu kupanga maneno. Mimi, ambaye nimewahi kuzuia ukumbi mzima usipigane baada ya keki kuanguka, nikaokota ile fupi kuliko zote.

"Nilikuwa natania," nilisema.

"Eeh?"

"Siku ile. Nilikuwa natania na nesi. Sikukusudia kutoa."

Alicheka. Akanipiga bega. "Haya, na mimi natania, nitawapokea wakiwa wamekaangwa. Mtani akitoa ametoa. Nikikamata jogoo wako bandani utanipeleka polisi?"

Kisha akamtazama Sikudhani. Sikudhani hakuwa anacheka. Kicheko cha Tabu kikapungua kidogo kidogo, kama moto wa jiko unaofungwa.

"Nyie," alisema. "Nyie, msinifanyie hivyo."

*

Tuliingia watatu kwa Shangazi. Ukutani taa ya tangi ilikuwa inawaka kijani. Ndani yake, sehemu fulani nyuma ya kuta zile, walinzi walikuwa wanaogelea wakikariri sura ya ugonjwa wa mwanamke aliyesimama mkono wangu wa kulia.

"Mihayo Kapaya. Toa kauli."

"Nataka walinzi wangu warudi. Ile kauli ya kwanza nilikuwa natania."

"Kutania ni nini?"

Nikamtazama Sikudhani, naye akanitazama. Hakuna aliyewahi kutuuliza.

"Ni kumwambia mtu neno ambalo… yeye mwenyewe anajua silo."

"Ulisema usichokusudia, kwa mtu asiyekuamini, ili wote wawili mcheke."

"Ndiyo."

"Mliongea kuhusu kufa kwako."

"Ndiyo. Hapo ndipo utani ulipo mzuri zaidi."

"Shangazi," alidakia Sikudhani, "mimi nilikuwepo, mimi ndiye niliyemchokoza, ni desturi yetu, kosa ni la…"

"Kauli ya mhudumu haihesabiwi," alisema Shangazi. Sikudhani akajifunika mdomo kwa kiganja. "Mihayo Kapaya, nina kauli zako mbili. Zote ni kwa sauti yako na maneno yake yamekamilika. Moja inatoa, moja inarudisha. Nitajuaje ya pili nayo si kutania?"

"Sitanii," nilisema.

Nikajisikia nilivyolisema. Neno hilo nimelisema kwenye harusi zote nilizosherehesha, na kila mara lilitangulia uongo mkubwa. "Ndugu wageni waalikwa, sitanii, bwana harusi huyu hajawahi kuchelewa!" Watu walikuwa wanacheka hata kabla sijamaliza. Sasa nilikuwa nalihitaji neno hilo na halikuwa na uzito wowote, nilikuwa nimeshalitumia lote.

"Uso wako unatabasamu," alisema Shangazi.

"Sitabasamu!"

"Kona ya mdomo imepanda."

Nikaishika. Kweli ilikuwa imepanda.

Taa ya kijani ikapepesa.

"Tabu Mkwinda. Umekulia katika desturi hii?"

"Nimekulia," alisema.

"Wewe si mhudumu. Kauli yako inahesabiwa. Mtu huyu, sasa hivi, anatania?"

Nilielewa kilichokuwa kimetokea kabla yeye hajaelewa, halafu nikamwona akielewa. Uso wake ulifunguka, ukafungika. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu. *Anatania.* Shangazi angesema imepokelewa, adhuhuri ingefika, na hakuna mahakama duniani ambayo ingemsuta, maana nani anaweza kupima utani wa mtu? Angelala usingizi wa mtoto tena. Mimi ningebaki na wanne wangu kati ya kumi na vidole vya Sikudhani shingoni kila mwezi.

Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia mama, usiseme, chukua. Lilifika mpaka kooni. Lakini nilijua kwamba nikilisema, Shangazi ataliamini, na hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko uungwana wangu. Nikanyamaza. Sijawahi kunyamaza hivyo maishani.

"Nitazame," alisema Tabu.

Nikamtazama. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya moshi wa mizinga kwenye kanga yake. Macho yake, kama yangu, yalikuwa yanachezacheza katika mwanga mkali, yakajitahidi kutulia. Yalitua mdomoni kwangu. Akainua kidole, akagusa ile kona iliyopanda, pale ngozi ilipovutwa ili kuziba nafasi ya nyama iliyotoka.

Sikudhani alikuwa analia bila sauti. Nje mtu alikuwa anaitwa jina kwenye kipaza sauti, akaitwa mara ya pili.

"Huu ni mshono," alisema Tabu. "Hatabasamu. Ameshonwa hivyo."

"Swali langu lilikuwa…"

"Nimelisikia swali lako." Alivuta pumzi ndefu, ikaingia kwa vipande. "Hatanii. Anaogopa kufa."

"Imepokelewa," alisema Shangazi.

Taa ya tangi ikageuka njano, kisha nyekundu, ikaanza kuhesabu upya.

*

Walinifundishia walinzi sura yangu kwa mara ya pili, na jua lilipoanza kushuka wakanipandikizia shingoni kwa sindano nene kama kalamu. Sikusikia maumivu. Shangazi alinisomea mpango: kila baada ya miezi mitatu nirudi, mdomo utazamwe, tezi zipimwe, na nikiona uvimbe mdogo kama punje ya mtama nisingoje tarehe. Nilijibu ndiyo kwa kila kitu, ndiyo kavu, isiyo na mkia. Sikudhani alinifunga plasta bila kunitukana.

Nilipotoka nilimkuta Tabu amekaa kwenye benchi lile lile, anasubiri kupapaswa. Kanga ameishusha mabegani, shingo iko wazi, tayari. Nikasimama mbele yake. Ganzi ilikuwa imepanda mpaka shavuni, lakini nilitafuta, nikatafuta kwa bidii, nikapata moja. Haikuwa nzuri sana, lakini ilikuwa yetu.

"Mtani," nilisema, "nyuki wenu wa Uzaramo nao huenda kazini, au asali huwa wanaazima Tabora?"

Nikasubiri anitukane. Nilimwachia nafasi kubwa kabisa. Angeweza kunitukana mimi na ukoo wangu mpaka Urambo, na ningemshukuru.

Mlango wa chumba cha Shangazi ukafunguka, likaitwa jina lake. Akakusanya kanga yake, akasimama.

"Kaka," alisema kwa upole, "samahani, sogea kidogo huko. Nipite."

Nikasogea.